Kadi ya picha ni jembe, si dhahabu ya kuficha stoo

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya kompyuta wanakabiliwa na kishawishi kikubwa. Tangu bei ya memori za kompyuta ilipoanza kupaa duniani mwishoni mwa mwaka 2025, maneno yamekuwa mengi kwamba kadi za picha nazo zitafuata, na kwamba mjanja ni yule atakayenunua mzigo mapema, aufungie stoo, angoje bei iruke, kisha auze kwa faida nono.

Hoja hiyo inavutia, hasa kwa mwenye mtaji mdogo aliyechoka kugawana faida ya shilingi chache na madalali. Lakini ina kasoro kubwa. Kadi ya picha haina tabia ya dhahabu, wala ya kiwanja, wala ya gunia la mchele. Ni jembe. Jembe humfaidi mwenyewe linapolima. Likiwekwa darini huota kutu. Na jembe hili lina kutu ya aina yake, ambayo haizuiliki hata boksi likifungwa vizuri kiasi gani.

Kwa msomaji asiyekuwa wa biashara hii, kadi ya picha ni kile kibao chenye feni kinachochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani ili kuchora kile kinachoonekana kwenye skrini. Kompyuta ya kuandikia barua na kupigia hesabu haiihitaji, kwa sababu prosesa nyingi zina uwezo wa kutosha kuonyesha maandishi na video. Gemu za kisasa ndizo zinazoidai. Ndiyo maana kijana anayelalamika kwamba gemu inakwamakwama, jambo la kwanza analoambiwa na fundi ni kubadilisha kadi. Mahitaji hayo ni ya kweli na yanaongezeka. Swali ni nani atakayefaidika nayo, na kwa njia gani.

Waliochelewa ndio walioungua

Soko la kadi za picha limekwisha kupigwa na dhoruba mbili kubwa katika miaka ya karibuni, na zote mbili hazikuletwa na wacheza gemu. Ya kwanza ilikuwa kati ya mwaka 2017 na 2018. Ya pili, kubwa zaidi, ilianza mwaka 2020 na kuisha mwaka 2022. Katika zote mbili mchango mkubwa ulikuwa wa sarafu za kidijitali, hususan Ethereum, ambayo wakati huo ilikuwa ikichimbwa kwa kutumia kadi zile zile za gemu. Mchimbaji alikusanya kadi nyingi, akazifanyisha hesabu usiku na mchana, na alikuwa tayari kulipa bei yoyote ilimradi sarafu alizopata zilizidi bili yake ya umeme. Katika dhoruba ya pili iliongezeka pia shida ya janga la UVIKO-19, ambapo watu walijifungia majumbani na viwanda vikashindwa kukidhi mahitaji.

Kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilipotoa kadi ya RTX 3080 mwezi Septemba 2020, bei elekezi ilikuwa dola 699. Mzigo uliisha mara moja, na ilipofika mwaka 2021 walanguzi walikuwa wakiiuza mitandaoni kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Februari 2021 kampuni hiyo ilitoa RTX 3060 kwa dola 329, ikiwa imewekewa kizuizi cha kupunguza nguvu ya kuchimba Ethereum ili kadi ziwafikie wacheza gemu. Mwezi uliofuata kampuni yenyewe ikatoa kwa makosa programu iliyokifungua kizuizi hicho.

Wakati huo ilikuwa rahisi kuamini kwamba kadi haishuki bei. Aliyenunua Jumatatu aliuza Ijumaa kwa bei ya juu zaidi. Ndipo wengine nao wakaingia, wakiwa wamechelewa, wakanunua kwa bei ya kileleni.

Kilichofuata kinajulikana. Bei za sarafu zilianza kuporomoka mwaka 2022, na tarehe 15 Septemba mwaka huo Ethereum ikabadilisha utaratibu wake na kuacha kabisa kuchimbwa. Mteja mkubwa wa kadi alitoweka kwa siku moja. Hata kabla ya siku hiyo dalili zilikwisha kuonekana: katika robo ya mwaka iliyoishia Julai 2022, mapato ya NVIDIA yatokanayo na gemu yalikuwa dola bilioni 2.04, pungufu kwa asilimia 33 kulinganisha na mwaka mmoja kabla, na kwa asilimia 44 kulinganisha na robo iliyotangulia. Wachimbaji walimwaga sokoni kadi zao zilizotumika, na maduka yenye mzigo mpya yakalazimika kushusha bei. Mwezi huo huo wa Septemba, EVGA, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji maarufu wa kadi nchini Marekani, ilitangaza kujitoa katika biashara ya kadi za picha.

Mambo kama hayo yalikwisha kutokea katika dhoruba ya kwanza. Novemba 2018 NVIDIA ilieleza kuwa mzigo wa kadi ulikuwa umejaa madukani baada ya uchimbaji kupoa, na hisa zake zikaanguka kwa karibu asilimia 19 kwa siku moja. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 5.5 kwa mamlaka ya dhamana na masoko ya mitaji ya Marekani, ambayo ilidai kuwa haikuwaeleza wawekezaji ipasavyo jinsi uchimbaji ulivyokuwa ukichangia mapato ya gemu katika mwaka wake wa fedha wa 2018.

Funzo liko wazi. Ikiwa kampuni yenyewe, pamoja na wachumi wake na takwimu zake, ilijikuta na mzigo uliododa mara mbili ndani ya miaka mitano, mwenye duka la futi kumi kwa kumi pale Kariakoo au Luthuli Avenue hana sababu ya kuamini kwamba yeye ataiona saa ya kushuka kwa bei kabla haijafika. Waliofaidi dhoruba zile ni waliozungusha mzigo haraka. Walioungua ni waliokutwa nao stoo.

Je, safari hii ni tofauti?

Wapo wanaodai kwamba mambo ya sasa si sawa na yale ya sarafu. Dai lao lina ukweli ndani yake, na si haki kulipuuza.

Safari hii mteja mkubwa ni vituo vya data vya akili mnemba. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2022, NVIDIA iliingiza dola bilioni 12.46 kutokana na gemu na bilioni 10.61 kutokana na vituo vya data. Miaka mitatu baadaye, katika mwaka ulioishia Januari 2025, gemu zilileta bilioni 11.35 ilhali vituo vya data vilileta bilioni 115.2. Kwa maneno mengine, mcheza gemu ambaye zamani alikuwa mteja wa mbele sasa yuko nyuma kabisa ya foleni. Watengenezaji wa memori nao wamegeukia huko huko kwenye fedha nyingi. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara ya kuuzia watumiaji wa kawaida memori za jina la Crucial, ili nguvu zake zielekee kwa wateja wakubwa. Na kwa kuwa kila kadi ya picha hubeba memori ndani yake, memori ikipanda bei kadi haiwezi kubaki salama.

Kwa hiyo bei inaweza kweli kupanda. Hata hivyo, kupanda kwa bei hakutoshi kuifanya kadi kuwa akiba, kwa sababu tatu.

Kwanza, hakuna ajuaye upepo utageuka lini. Tarehe 27 Januari 2025, habari za programu ya akili mnemba ya DeepSeek kutoka China zilitosha kuiangusha hisa ya NVIDIA kwa asilimia 17 hivi, na thamani ya karibu dola bilioni 600 ikayeyuka kwa siku moja. Oktoba mwaka huo huo thamani ya kampuni hiyo ikavuka dola trilioni 5. Mwenye hisa anaweza kuuza kwa dakika chache mambo yakigeuka. Mwenye maboksi 20 ya kadi hawezi. Inambidi amtafute mnunuzi mmoja mmoja, na kila mnunuzi amekwisha kusikia kwamba bei imeshuka.

Pili, kadi huzeeka hata kama haijatumika. Hii ndiyo kutu yake. Kadi za NVIDIA za familia ya GTX 10, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016 na ambazo bado ni nyingi mitaani, ziliacha kupata maboresho mapya ya gemu Oktoba 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama yanayotolewa kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Aidha, zipo gemu ambazo haziwezi hata kufunguka bila kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 ni mojawapo, na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 ni nyingine. Kadi isiyokuwa na uwezo huo, hata ikiwa mpya ndani ya nailoni, kwa gemu hizo haina kazi.

Tatu, fedha iliyolala ina gharama. Tuseme mfanyabiashara ana mtaji wa sh. milioni 3 unaotosha kununua kadi tano za sh. 600,000. Akizificha kwa mwaka mzima na bei ikapanda kwa asilimia 30, ambayo ni bahati kubwa, atapata sh. 900,000. Mwenzake mwenye mtaji ule ule, anayeuza kadi tano kila mwezi kwa faida ndogo ya asilimia 5 tu, anapata sh. 150,000 kwa mwezi, yaani sh. 1,800,000 kwa mwaka. Bei ikipanda, mwenzake huyo anapanda nayo, ingawa mzigo mpya atanunua kwa bei mpya. Bei ikishuka, anapoteza kwa kadi chache alizonazo mkononi, si kwa mtaji wote.

Faida iko kwenye kazi

Kama kadi ni jembe, shamba lake liko wapi? Kwa soko la Afrika Mashariki jibu liko kwenye maelfu ya kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazoingia kutoka Dubai na Ulaya. Mashine za aina ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk zimekuwa ndizo kompyuta za mezani za mwananchi wa kawaida. Ni imara, zina prosesa nzuri, na bei yake ni nafuu. Kilichopungua kwa mcheza gemu ni kadi ya picha.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea. Mteja anakuja na fedha, anauliza kadi yenye nguvu, anauziwa, anakwenda nayo nyumbani. Kesho yake anarudi na boksi mkononi. Kadi haikuingia, au iliingia lakini kompyuta ikazimika gemu ilipoanza. Muuzaji anakataa kuirudisha, mteja anatangaza mtaa mzima kwamba duka lile ni la matapeli, na faida ya kadi moja inakuwa imekula wateja kumi.

Muuzaji makini huuliza kuhusu kompyuta kabla ya kuuliza kuhusu fedha. Swali la kwanza ni la umeme. Mashine nyingi za ofisi za umbo dogo, kwa mfano OptiPlex 7010 ya umbo hilo, zilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 240 tu. Tundu la kadi kwenye bodi kuu kwa kanuni hutoa si zaidi ya wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wake wa umeme kutoka kwenye pawa saplai, na mashine hizi mara nyingi hazina waya huo. Kuibadilisha pawa saplai nako si jambo la kukurupukia, kwa kuwa mashine nyingi za ofisi hutumia plagi za kampuni husika zisizolingana na za kawaida, hivyo hulazimu kutafuta waya wa kuunganishia.

Swali la pili ni la nafasi. Boksi jembamba linataka kadi ya kimo kifupi. Kadi ndefu yenye feni tatu haiingii, hata fundi akikata bati.

Kwa mashine za namna hiyo zipo kadi zinazofaa zisizohitaji waya wa ziada. GTX 1650 iliyotoka mwaka 2019 kwa dola 149 ni ya wati 75, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024 ni ya wati 70. Zote mbili zilitengenezwa pia katika kimo kifupi. Hazina sifa za kutisha, lakini zinaingia na zinafanya kazi, na mteja harudi kugomba. Muuzaji aangalie tu kwamba toleo analonunua ni lile lisilo na tundu la waya wa umeme, maana baadhi ya matoleo ya GTX 1650 yalikuwa nalo.

Swali la tatu ni kama mashine yenyewe inaielewa kadi. Mfano mzuri ni Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12 za memori. Kwa kompyuta mpya ni kadi yenye thamani ya fedha yake. Lakini inategemea utaratibu wa bodi kuu ambao mashine nyingi za zamani hazina, na bila utaratibu huo kasi yake inashuka sana. Vivyo hivyo RX 6500 XT ya AMD ya mwaka 2022: ilijengwa kwa njia nne tu za mawasiliano na bodi kuu, hivyo ikichomekwa kwenye bodi ya kizazi cha nyuma inapungukiwa nguvu kwa kiasi kinachoonekana wazi. Kadi mpya kwenye mashine ya zamani inaweza kumpa mteja huduma mbovu kuliko kadi ya zamani inayolingana nayo.

Swali la nne ni la skrini. Skrini nyingi zilizoko mitaani zinaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi inayochora picha 150 kwa sekunde kwenye skrini ya namna hiyo ni sawa na kumimina debe la maji kwenye kikombe. Sehemu kubwa inamwagika. Mara nyingi mteja angefaidika zaidi kwa kununua kadi ya kati na kuongeza kipande cha pili cha memori, ili prosesa isafirishe data kwa njia mbili badala ya moja.

Anayejua maswali haya manne hauzi kadi tu. Anauza kompyuta iliyokamilika, iliyopimwa na kufungwa, pamoja na ufundi wake. Bei ya kadi kila mteja anaiona kwenye simu yake na kuilinganisha na ya jirani. Bei ya kazi iliyofanywa vizuri haina jirani wa karibu.

Hesabu ya chumba cha gemu

Kundi jingine linalotakiwa kuwa makini ni la wenye vyumba vya gemu, ambao hununua kadi kwa ajili ya kukodisha muda. Wengi hununua kwa sifa badala ya hesabu.

Tuseme mwenye chumba anatoza sh. 1,000 kwa saa na anafungua siku 26 kwa mwezi. Anafikiria kuweka kadi ya sh. 600,000 katika kompyuta moja, na anatarajia kadi hiyo imletee saa mbili zaidi za kukodiwa kila siku. Hizo ni sh. 52,000 za ziada kwa mwezi. Kadi inaongeza matumizi ya umeme kwa wati 100, kwa saa nane kwa siku, yaani uniti 0.8. Kama uniti ni sh. 350, umeme wa ziada ni sh. 280 kwa siku, au sh. 7,280 kwa mwezi. Kinachobaki ni sh. 44,720, na kadi inarudisha fedha yake kwa muda wa miezi 13 hadi 14.

Sasa tuseme saa za ziada ni moja tu. Mapato yanakuwa sh. 26,000, na baada ya umeme yanabaki sh. 18,720. Kadi ile ile itachukua miezi 32 kujilipa. Na kama mwenye chumba ataamua kununua kadi ya sh. 1,200,000 inayoongeza wati 150, huku saa za ziada zikibaki mbili, atabakiwa na sh. 41,080 kwa mwezi na kungoja zaidi ya miezi 29.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba linaloamua ni saa zinazoongezeka, wala si ukubwa wa kadi. Na saa haziongezwi na kadi peke yake. Vijana wengi wanaokuja kushindana wanataka gemu kama Valorant, Counter-Strike 2 au za mpira wa miguu, ambazo kadi ya kati inaziendesha vizuri. Kwa gemu hizo, kadi ya bei mbaya haimfanyi mteja akae saa moja zaidi. Kiti kizuri, intaneti isiyokatika na kompyuta isiyozimika katikati ya mechi vinaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo.

Kwa upande mwingine, mwenye chumba katika eneo la wateja wenye uwezo, wanaotaka gemu mpya zenye picha nzito, ana sababu ya kununua kubwa zaidi. Huyo naye atazame memori ya kadi. Mwaka 2025 RTX 5060 Ti ilitolewa kwa dola 379 ikiwa na GB 8, na dola 429 ikiwa na GB 16. RX 9060 XT ya AMD ilitolewa kwa dola 299 na 349 kwa mpangilio huo huo. Tofauti ilikuwa dola 50. Kwa anayekusudia kuitumia kadi miaka mitatu au minne, dola 50 hizo ni bima ya bei nafuu, kwa sababu tayari zipo gemu zinazozidi GB 8 picha zikiwekwa kwenye ubora wa juu.

Mitumba yenye mtego

Wenye mtaji mdogo watakimbilia kadi zilizotumika, na si kosa. Kadi iliyotumika kwa bei nzuri ni biashara halali. Hata kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu. Sehemu inayochoka zaidi ni feni, pamoja na ile dawa ya kupitisha joto, na vyote viwili hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Mtego mkubwa uko kwenye majina. Zipo kadi za zamani ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kama mpya. Kadi ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, kwa mfano, imewahi kuuzwa ikijiita GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z inaweza kuzigundua nyingi ya hizo, na hakuna mnunuzi wa jumla anayestahili kulipa fedha kabla ya kuiendesha. Vilevile iko RX 580 ambayo ndani yake ina vitengo 2,048 vya kuchakata badala ya 2,304 vya RX 580 kamili. Hiyo si bandia, lakini nguvu yake ni ndogo zaidi, na anayeinunua kwa bei ya kamili amepunjwa.

Mnunuzi adai kadi ipimwe mbele yake kwa gemu nzito au programu ya majaribio kwa muda usiopungua nusu saa. Kadi yenye ugonjwa huficha maradhi yake ikiwa baridi; ikipata joto ndipo skrini inapoanza kutoa madoa au kompyuta inapojizima. Muuzaji asiyekubali kipimo hicho ameshatoa jibu.

Daftari kwanza

Kuna mfano wa zamani ambao kila mfanyabiashara wa kadi angepaswa kuukumbuka. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi iitwayo Voodoo, na kwa muda mcheza gemu asiyekuwa nayo alionekana kama hajaanza. Desemba 2000 kampuni hiyo hiyo ilikubali kuuza mali zake kwa NVIDIA, iliyokuwa mshindani wake. Miaka minne ilitosha kuigeuza kadi ya kifahari kuwa bidhaa isiyokuwa na mwenyewe. Aliyeinunua na kuchezea alipata thamani ya fedha yake. Aliyeificha stoo alibaki na boksi.

Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anayetazama bei zikipanda afanye mambo ya kawaida ambayo hayana makelele. Anunue kwa oda, achukue malipo ya awali kabla ya kuagiza mzigo, na abaki na akiba ya wiki chache tu za mauzo. Afahamu mashine za wateja wake kuliko anavyofahamu tetesi za mitandaoni. Asichukue mkopo wenye riba ili akaufungie kabatini. Na mwenye chumba cha gemu ahesabu saa kabla ya kuhesabu wati.

Soko la kadi litaendelea kuyumbishwa na wakubwa walioko California na Taiwan, na hakuna mwenye duka atakayewazuia. Lakini mtaji wake uko mikononi mwake, na wahenga wa biashara walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.